Kuchora matangazo sio kuuza sanaa, tuangalie mikataba

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba mchoraji anayefanya kolabo na makampuni, leo kachora boksi la sabuni kesho ana maonyesho galari, huyo ni fundi matangazo tu na picha zake za galari zisihesabiwe. Mi ni mchoraji wa kujitegemea na naishi kwa kazi hizo hizo mbili, kwahiyo hapo sina upande wa katikati, nasema mapema ili mtu asije akanishika shati baadae. Lakini naona ndugu yangu kapiga kelele kwenye mlango wa jirani. Kampuni kumlipa mchoraji haijawahi kuharibu mchoro, kinachotumaliza ni zile karatasi tunazosaini bila kusoma, na hizo hakuzigusa kabisa.

Kwanza hiyo historia yake, eti wakubwa wa zamani hawakuchora biashara. Nani kamwambia? Mchoraji Alphonse Mucha alitoka jina Paris mwanzoni mwa 1895 kwa bango la tamthilia, bango la mwigizaji Sarah Bernhardt lililobandikwa ukutani barabarani kila mpita njia alione, baada ya hapo akachora karatasi za sigara, biskuti, shampeni, kalenda, yaani kila kilichokuwa kinauzwa. Alafu mtu huyo huyo akaja kutumia karibu miaka 20 kuchora turubai 20 za historia ya Waslavu, nyingine mita sita kwa nane, akazikabidhi kwa jiji la Prague 1928. Na hata hizo alilipiwa na tajiri mmoja Mmarekani, maana turubai za ukubwa huo na rangi zake hazishuki kutoka mbinguni.

Sisemi kila mtu anaipenda kazi ya mteja. Mchoraji wa Marekani Edward Hopper alichorea majarida na matangazo miaka mingi na wala hakuficha kwamba inamchosha, maonyesho yake ya New York 1924 picha zote za rangi ya maji zikanunuliwa, basi akaiacha hiyo kazi. Sawa kabisa. Ila sijasikia mtu anasema picha zake za baadae ni feki kwa sababu aliwahi kula hela ya matangazo.

Mfano unaoniuma mimi ni wa James Harvey, huyu wengi hawamjui. Alikuwa mchoraji wa picha za dhahania, yaani rangi na maumbo tu bila sura ya mtu wala kitu, anaonyesha galari New York, na hela ya kodi anaipata kwa kubuni vifungashio vya makampuni. Mwaka 1961 akabuni boksi jipya la Brillo, zile sufi za chuma zenye sabuni za kusugulia sufuria, boksi jeupe lenye mawimbi mekundu. Miaka mitatu mbele Andy Warhol (msanii maarufu wa Marekani, ambaye na yeye miaka ya 1950 alikuwa anachora viatu vya matangazo ya magazetini) akatengenezesha maboksi ya mbao, akayapiga chapa ile ile, akayapanga galari kama yapo stoo, na watu wakaanza kuandika vitabu kuuliza sanaa ni kitu gani. Harvey akafariki 1965. Leo picha zake za turubai wanazijua wachache, boksi lake lipo makumbusho kwa jina la mtu mwingine. Sasa huyo ndugu yetu aliyeona mstari kati ya biashara na sanaa umenyooka aje anioneshe hapo umepita wapi, kwenye kadibodi ya Harvey au kwenye mbao ya Warhol?

Ngoja nieleze kazi yenyewe inavyokwenda maana naona watu wanadhani kampuni inakupigia simu, unachora, unalipwa, kwisha. Mteja anakuja na maelekezo, mfano mwanamke, mwavuli, mvua, rangi za kampuni, juu kulia paachwe wazi pa maandishi. Unatoa skechi ndogo ndogo za penseli kadhaa, anachagua moja, unaisafisha, unaweka rangi, anasema mwavuli uwe wa kijani, unaweka kijani, ndo anatokea bosi wake ambaye kikao cha kwanza hakuwepo anasema kwani huu mwavuli una kazi gani. Ndo maana mchoraji mzoefu anaandika kabisa marekebisho ni mara mbili, ya tatu inalipiwa, na kazi ikifutwa katikati kuna kiasi chake kinalipwa hata kama mchoro hautatoka popote. Hivyo vyote ni vya kawaida na mteja mstaarabu hata habishi.

Utamu na uchungu upo kwenye matumizi. Mchoro ukikaa kwenye jalada la kitabu ni bei moja, mchoro huo huo ukipandishwa kwenye mabango ya barabarani na vifungashio na matangazo ya tivii ni bei nyingine kabisa, hata kama mkono wako ulitumia masaa yale yale. Kawaida mchoraji hauzi mchoro, anatoa leseni: utumike wapi, kwenye nini, kwa muda gani, na kama ni mteja huyo peke yake au na wengine. Ni kupangisha chumba, sio kuuza nyumba na kiwanja chake. Sasa chukua mkataba wowote wa mtu mwenye haraka na dedlaini uusome mpaka chini, utakuta sentensi moja ndefu inasema haki zote, dunia nzima, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja kubuniwa. Siku hizi kuna nyingine inapenyezwa hapo hapo, kwamba kampuni inaweza kutumia michoro yako kufundishia mifumo ya akili mnemba, yaani unalipwa mara moja ili mashine ijifunze kufanya kama wewe. Ukisaini hiyo, hata galari huna tena cha kupeleka, maana mkono wako na wahusika wako wameshahamia kwa mwenzako.

Mi nina mhusika wangu, mzee mmoja kichwa chake ni birika, mvuke unamtoka akikasirika. Nilimbuni kwa ajili yangu tu, hana maana yoyote ya kibiashara, nikawa namchora kwenye karatasi za kila saizi na kumpeleka kwenye maonyesho. Kampuni moja ikamuona huko huko galari ikampenda, wakataka akae kwenye vifungashio vyao. Rasimu ikaja inasema mhusika pamoja na kila kitakachotokana naye ni mali ya kampuni. Nikawajibu nawapa leseni ya miaka miwili, aina moja ya bidhaa, mzee anabaki wangu na maonyesho yanaendelea. Wakanuna, wakakaa kimya mpaka nikajua imekufa, alafu wakarudi wakakubali kwa hela pungufu kidogo. Muda wa leseni ulipoisha yeye akarudi kwangu na mvuke wake, na aliyenunua picha yake galari hakuwahi kuniuliza kama mzee aliwahi kufanya kazi ya kampuni.

Na nadhani hapo ndo pa kumuelewesha huyu msomaji, hizi kazi mbili zinalishana. Wakurugenzi wa sanaa wanakuitia kile walichokiona. Ukiwaonesha vikombe vyenye logo watakupigia kwa ajili ya vikombe vyenye logo mpaka uzeeke. Galari ndo sehemu pekee ambayo hamna anayekwambia mwavuli uwe kijani, unajaribu vitu, vingine vinakuwa vibaya kweli kweli, kimoja kinakuwa kizuri, na hicho kimoja baada ya muda mteja anakuja kukiomba akidhani ni staili yako ya siku zote. Kazi ya mteja nayo inakufundisha kumaliza. Nawajua wachoraji wa galari tu ambao picha moja ipo kwenye stendi ya kuchorea mwaka mzima wanaizunguka.

Tena galari nako tusikufanye msikiti. Ni biashara. Nyingi zinachukua karibu nusu ya bei ya picha, fremu mara nyingi ni juu yako, usafiri ni juu yako, na picha zisipouzwa zinarudi na kona moja imebonyea. Kwetu tunaochora kwenye tableti kuna kizungumkuti kingine, picha yenyewe halisi haipo, kuna faili. Ndo tukaingia kwenye printi za toleo lenye kikomo: unachapa kwa wino unaodumu kwenye karatasi nzito isiyo na asidi, unaandika kwa penseli chini kushoto 1/30, kulia saini, na zikiisha 30 zimeisha, huchapi tena hata aje nani. Hiyo namba ni ahadi, na aliyenunua ya tano ana haki ya kukushtaki akikuta ya 31 mahali. Na usiombe ukachapa bila kupima, ile bluu inayong'aa kwenye skrini ikifika kwenye karatasi inakuwa kama jinzi iliyofuliwa, wino una mipaka ambayo mwanga hauna.

Kuna jambo wachoraji wa siku hizi tunalisahau kwa sababu ya haya mafaili, kwamba haki ya kuchapisha na picha yenyewe ni vitu viwili tofauti. Norman Rockwell alichora majalada zaidi ya 300 ya jarida la Saturday Evening Post kuanzia 1916 mpaka 1963. Jalada lake moja la 1951, watu wanasali kabla ya kula mgahawani, picha yake halisi ikauzwa mnadani 2013 kwa dola milioni 46, na walioiuza ni familia ya aliyekuwa mhariri wa sanaa wa jarida. Huyo ndo yule ambaye kwa hoja za ndugu yetu ni fundi matangazo! Ufaransa waliliona hili mapema, tangu 1920 wana sheria inayompa msanii asilimia kidogo kila picha yake ikiuzwa tena, na Umoja wa Ulaya wakaifanya ya nchi zote wanachama kwa agizo la 2001. Marekani kwa ngazi ya taifa mpaka leo hamna.

Sasa nimpe na yeye haki yake, sio kila kolabo inapendeza. Msanii wa Japani Takashi Murakami alipochora mikoba ya kampuni ya kifahari ya Louis Vuitton 2003 mi sikuona ubaya, ila maonyesho yake makubwa ya Los Angeles 2007 waliweka duka la hiyo mikoba katikati ya makumbusho, linauza kabisa na mashine ya kupokelea hela, na hapo hata mimi nakuna kichwa. Namuelewa zaidi msanii wa Marekani Keith Haring, 1986 alifungua duka lake mwenyewe New York, anauza fulana na beji ili yule asiyeweza kununua turubai na yeye aondoke na kitu. Walimsema sana wakati ule. Lakini duka lilikuwa lake, michoro yake, na aliyekuwa anaamua nini kiuzwe na nini kisiuzwe ni yeye.

Mwisho Mhariri nikugeukie wewe, usinichukie. Ile barua ya ndugu yetu mliipamba na mchoro mzuri tu, mtu ameshika brashi mkono mmoja na noti mkono mwingine, na mistari yake inaonyesha kabisa ni mkono wa mtu aliyekaa kitako akafikiria. Jina la mchoraji halikuwepo. Ukurasa wa michezo pembeni yake kila picha ina jina la mpigapicha. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu marekebisho ya 1928 unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na haki hiyo inabaki hata akishauza nyingine zote, kwahiyo wala siombi fadhila. Tena kama mchoro ule mtautumia upya kwenye kalenda ya mwaka au toleo la mtandaoni angalieni mlilipia nini, inawezekana mlilipia kutoka gazetini mara moja tu. Na hilo jina msanifu wenu wa kurasa analiweka kwa wima ukingoni mwa mchoro, herufi ndogo, halili hata nafasi ya tangazo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mchoraji wa kujitegemea