Wagonjwa waonywe kuhusu maradhi yanayozuka katikati ya matibabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapata wagonjwa wengi bila kuonywa, nalo ni kuugua maradhi mapya wakiwa bado wanatibiwa yale ya kwanza.

Nilimuuguza mama yangu alipopewa antibiotiki za kutibu nimonia. Kufikia siku ya sita homa ilikuwa imeshuka, lakini akawa hataki kula. Alipofungua kinywa niliona ulimi umefunikwa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ambao ulipopanguswa uliacha wekundu uliovuja damu. Tulidhani dawa imemkataa, tukakaribia kuiacha. Kumbe ni fangasi.

Kinywani, ukeni na utumboni huishi bakteria wasiotudhuru, ambao kwa wingi wao huwanyima wengine nafasi na chakula. Antibiotiki, hasa zile zinazoua bakteria wa aina nyingi kwa pamoja, huwafyeka na hao pia, na fangasi aina ya kandida, ambao dawa hizo haziwagusi, hustawi. Utumboni hatari ni kubwa zaidi, kwa maana huko anaweza kustawi Clostridioides difficile, bakteria ambaye tangu 1978 anajulikana kuwa chanzo cha uvimbe mkali wa utumbo mpana kwa watu waliotumia antibiotiki. Mbegu zake hazifi kwa kitakasa mikono cha spiriti, ndiyo maana wanaomhudumia mgonjwa wa aina hiyo hutakiwa kunawa kwa maji na sabuni. Kuhara kunakoletwa na uvimbe huo huweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, wakati hakuna tena anayeikumbuka dawa.

Aliyetukabidhi vidonge alitueleza vizuri idadi na saa za kumeza, akasisitiza tumalize dozi, jambo ambalo ni sahihi. Kuhusu hayo mengine hakusema neno, nasi hatukujua la kuuliza.

Ninachowaomba madaktari, wauguzi na wafamasia hakichukui hata dakika moja: mwambieni mgonjwa kwamba akiona utando mweupe kinywani, akipata muwasho ukeni, au akiharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, arudi aonwe, asikatize dawa kwa uamuzi wake wala asijinunulie dawa ya kufunga kuhara.

Ni mimi msomaji wako.