Cherehani usiiuze kwanza

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto mafua yamewaachia, shemeji yako kasafiri tena, na hayo tuyaache. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho. Eti unataka kumwachia Mama Nuru cherehani kwa bei ya kutupa kwa sababu husongi mbele! Nani kakwambia husongi?

Kumbuka ulivyokuwa ukilalamika Ramadhani iliyopita. Ukikanyaga, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Uzi unajisokota chini ya kitambaa, unafungua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, unafunga, unafungua tena, kumbe tatizo liko juu, uzi haukupita vizuri kwenye kikazio, pale unapobanwa. Na jana umelalamika nini? Kola ya shati la mjomba haitaki kulala. Kola, shoga! Anayegombana na kola miguu yake inakanyaga yenyewe, wala haifikirii. Malalamiko yamepanda darasa, ila wewe unayasikia yale yale.

Hiyo kola, ya chini ikate ndogo kidogo kuliko ya juu, na pembeni punguza kitambaa kabla hujaigeuza. Kanifundisha fundi wetu wa Kariakoo, yule mwenye maneno.

Halafu ile foronya yako ya kwanza ninayo. Mshono umetoka nje ya mstari, umerudi, ukaishia hewani. Sasa tazama lile gauni la kitenge la wifi: maua ya kushoto na ya kulia yamekutana juu ya zipu, sawasawa. Hakuna aliyekuambia uyapangilie, jicho lako mwenyewe lilikataa yapishane. Jicho hilo hukuwa nalo. Tena ndilo linalokutesa, maana siku hizi linaona kila kasoro. Na Mama Nuru naye, anajua fika kwamba... aa, hilo mpaka tuonane.

Umebadilisha sindano, au bado ni ile butu? Shati lenyewe linatakiwa lini? Nikupigie picha hiyo foronya uione? Mama Nuru keshatoa pesa? Kama katoa, mrudishie leo hii, tafadhali. Kitambaa changu cha Idi nimeshanunua, unataka nimpelekee nani?

Wako,
Shoga yako wa Tandika