Nimebadilisha muuaji bila kumwambia mume wangu

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako wa siku nyingi, na sikudhani kama siku moja nitakuandikia mimi. Barua nyingi unazojibu ni za watu waliosalitiana au waliotelekezana. Sisi hatujafika huko. Tunalala kitanda kimoja, watoto wanaendelea vizuri, hakuna mtu wa nje. Ila kuna dereva mmoja ambaye hajawahi kuishi popote isipokuwa kwenye karatasi zetu, na kwa sababu yake mimi na mume wangu hatujazungumza jambo la maana kwa wiki 11.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Ndoa yetu ina miaka 14, na kwa miaka tisa ya hiyo tumekuwa tukiandika riwaya za upelelezi pamoja. Zimeshatoka nne. Jina lililoko kwenye jalada ni moja, la kubuni, na wasomaji wengi wanaamini ni la mwanamume fulani anayeishi peke yake. Kazi tuligawana tangu riwaya ya kwanza: yeye husuka kisa, mimi huandika. Yeye huanzia mwisho. Huamua kwanza nani kaua na kwa nini, halafu anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka asubuhi ile maiti inapogunduliwa. Kila tukio hulipa kadi yake na kuibandika ukutani: ya bluu ni jambo lililotokea kweli, ya njano ni uongo wa mshukiwa, nyekundu ni dalili ambayo lazima msomaji apitishwe mbele yake. Mimi hupewa watu wakiwa mifupa mitupu, nikawatia nyama. Wanavyotembea, wanavyokohoa, wanachokiogopa, hayo ni yangu.

Kadi ya kwanza kabisa, ambayo haijabanduliwa tangu tuanze, ameandika amri ya nane kati ya zile amri 10 za riwaya ya upelelezi alizotunga padri Mwingereza, Ronald Knox, mwaka 1929. Kwa kifupi inasema mpelelezi asipate dalili yoyote ambayo msomaji hakuonyeshwa papo hapo. Mume wangu anaiheshimu amri hiyo kuliko hata mkataba wa mchapishaji. Husema ukimficha msomaji, umemwibia.

Sasa tuje kwenye riwaya ya tano. Jaji mstaafu anakutwa amekufa katika maktaba ya nyumbani kwake. Mlango umefungwa kwa ufunguo, sumu imo kwenye dawa yake ya moyo. Funguo za chumba kile ni mbili tu: mmoja umo mfukoni mwa marehemu, wa pili anao dereva aliyemtumikia miaka 20. Kwa mujibu wa ukuta wetu, muuaji ni dereva huyo. Mwanawe alihukumiwa na jaji yule zamani, akafia gerezani, na jaji hakuwahi kujua kwamba anayemfungulia mlango wa gari kila asubuhi ndiye baba wa yule kijana. Ni kisa kizuri, Shangazi. Nilipohadithiwa mara ya kwanza mwili ulinisisimka.

Mambo yaliharibika sura ya sita. Nilitakiwa kumwonyesha dereva siku chache baada ya kifo, na kadi ilisema tu, "Dereva yuko uani, anaonekana mtulivu." Nikamkalisha kwenye ngazi za nyuma, anapiga rangi viatu vya jaji. Ijumaa jaji alimwambia kwamba Jumatatu atavihitaji viatu vile vyeusi, na sasa ni Jumatatu. Anapitisha brashi polepole. Kisha anazungushia kitambaa kidoleni, anakipitisha kwenye mshono wa soli, pale ambapo hakuna mtu atakayetazama. Akimaliza anaviweka sambamba kwenye ngazi, ncha zikielekea nje, kama alivyovipanga miaka yote. Niliandika ukurasa ule nikilia. Tangu siku hiyo sikuweza tena kumwona mtu yule akimimina sumu kwenye dawa ya mtu. Sura ya 17, mpelelezi anapoanza kumkaribia, niliiandika mara saba, na mara zote saba ilitoka kavu, haina uhai.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Mume wangu akishalala, nilikuwa naamka na kwenda kuandika, na usiku mmoja baada ya mwingine nikamgeuza mjane wa jaji kuwa muuaji. Sababu alikuwa nazo, tena za kutosha. Ndoa yao niliiandika mwenyewe na nilijua kilichokuwa kimejificha humo. Niliandika sura tano kwa wiki tatu. Na wiki zote hizo, kila asubuhi mume wangu alikuwa ananiuliza, "Umefika wapi?" nami namjibu, "Naendelea vizuri." Nikikumbuka jibu hilo roho inaniuma kuliko hata mswada wenyewe. Hakuwahi kunipa sababu ya kumdanganya. Nilijua tu kwamba nikimwambia, ataniuliza maswali mawili au matatu ya kweli, na mjane wangu ataanguka kabla hajasimama.

Nilimpa mswada Jumapili mchana. Alisoma mpaka jioni. Hakufoka. Aliingia chumba cha kazi, akaanza kubandua kadi moja moja, akizipanga kwa rangi zake, akazitia kwenye bahasha. Mimi nimesimama mlangoni natazama ukuta wa miezi minane unavuliwa nguo. Alipofika kwenye kadi ile ya kwanza akasimama. Siku zote huniita mama watoto. Siku hiyo aliniita kwa jina langu. Akasema, "Amri ya nane. Ulikuwa na dalili ambazo mimi sikuonyeshwa." Kadi hiyo akaiacha ukutani peke yake, akatoka. Kesho yake asubuhi akaniambia kwamba riwaya sasa ni yangu, niimalize mwenyewe.

Nilimsihi anisikilize. Mara moja tu alikubali, na nikamweleza habari ya viatu, kwamba mtu wa namna ile hawezi kuua. Akanitazama kama vile hakuamini anachosikia. Akasema mtu asiye na hatia angevisukuma viatu vile kando akae alie. Anayepiga rangi viatu vya maiti mpaka kwenye mshono wa soli ana deni analilipa. "Ukurasa ule," akasema, "ndio ulionihakikishia kwamba ni yeye. Niliusoma mara tatu. Ndio ukurasa bora uliowahi kuandika." Hilo la mwisho hakuwa ameniambia kabla, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Tangu hapo nimehangaika kusoma habari za watu wengine walioandika wawili wawili, nione wao walifanyaje. Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Sweden, walioishi kama mke na mume, waliandika riwaya 10 za upelelezi kati ya 1965 na 1975. Walipanga kisa pamoja, kisha wakaandika kwa kupokezana sura, usiku, watoto wakishalala. Kule Uingereza wapo Nicci Gerrard na Sean French, mke na mume wanaotumia jina moja, Nicci French. Mmoja huandika kipande chake akampa mwenzake, na mwenzake ana ruhusa ya kubadili na kufuta apendavyo. Nani ameandika kipi, hawasemi. Nilipofika hapo nilisimama, kwa sababu na mimi nilibadili na nilifuta. Lakini wao wanabadilishana karatasi mkono kwa mkono. Mimi nilisubiri mtu alale.

Wanaofanana na sisi zaidi hawakuwa hata mke na mume. Ni binamu wawili wa Marekani, Frederic Dannay na Manfred Lee, waliotumia jina la Ellery Queen kuanzia 1929. Kwa miaka mingi Dannay alitunga visa na Lee akaviandika, na barua zao zilizokuja kuchapishwa zimejaa ugomvi mkali kuhusu jambo hilihili: anayesuka anaona kisa chake kinaharibiwa, anayeandika anaona anafanywa karani. Nilizisoma habari hizo nikijiona mimi kabisa. Kisha nikajiuliza mume wangu amejiona wapi kwa miaka tisa, na nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizika.

Riwaya ya tatu ilipotoka tulialikwa kuzungumza na wasomaji, mara yetu ya kwanza kujitokeza kwa sura zetu. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo hasa mwandishi ni nani?" Mimi nikadakia, "Yeye anaua, mimi naandika." Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi. Mume wangu alitabasamu. Njiani kurudi nyumbani hakusema neno, nami nikadhani amechoka. Shangazi, mtu anakaa miezi minane anahesabu dakika, nani alikuwa chumba gani saa 3:40 usiku, nani alisikia mlango, nani hakuusikia, na mkewe anasimama mbele ya watu anasema mwandishi ni mimi. Sasa naona kwamba nilipombadilishia muuaji wake kimyakimya, nilikuwa nalirudia neno lilelile, safari hii kwa sura tano.

Dada yangu anasema nimrudishie dereva wake yaishe, kwani hiyo ni hadithi tu, na ndoa ni ndoa. Najua ananitakia mema, lakini hajui anachoniomba. Nikimwandika dereva yule muuaji bila kuamini, mume wangu atakuwa wa kwanza kuona kwamba sentensi zimekufa, na ataona nimemhurumia. Rafiki mmoja ambaye naye ni mwandishi amenishauri nitoke peke yangu, kwa jina langu. Kitabu hiki hakitoki hivyo. Mkataba tulitia saini wote wawili, na kazi ambayo huwezi kuipasua ukasema huu ni mkono wangu, ule ni wake, ni mali ya wote. Hata Mkataba wa Berne unaolinda hakimiliki kimataifa huhesabu miaka ya kazi ya namna hiyo kuanzia kifo cha yule atakayefariki wa mwisho. Na hata kama sheria ingeniruhusu, sitaki. Sijawahi kutaka kuwa mwandishi peke yangu. Nilitaka tu dereva yule asiwe muuaji.

Mhariri wetu ameshatuongezea muda mara moja. Amesoma sura 10 za mwanzo tu na hajui kinachoendelea. Zimebaki wiki sita.

Ningekuwa nimeshakata tamaa kama si jambo lililotokea Alhamisi iliyopita, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Niliingia chumba cha kazi asubuhi nikakuta kadi imesokomezwa chini ya kibodi yangu, ncha imejitokeza kidogo. Kadi nyekundu. Mwandiko wake, ule wa herufi ndogo zilizosimama wima. Imeandikwa mstari mmoja: "Mjane aliupata wapi ufunguo?"

Miguu iliniisha nguvu, nikakaa. Funguo ni mbili, Shangazi. Mmoja mfukoni mwa maiti, mmoja kwa dereva. Mjane wangu anaingia maktaba saa 3:40 usiku, anabadilisha dawa, anatoka, anafunga mlango nyuma yake, na hana ufunguo. Sura tano nimeandika, nimezisoma zaidi ya mara 10, sikuliona hilo. Yeye ameliona, na bila shaka aliliona siku ile ile ya Jumapili, akanyamaza wiki zote hizi.

Nimeigeuzageuza kadi hiyo nisijue niisome vipi. Inaweza kuwa ananiambia, tazama, bila mimi huwezi. Lakini angetaka kusema hivyo si angetumia kipande chochote cha karatasi? Nyekundu ni rangi ya dalili ya msomaji, na ili aipate ilibidi afungue bahasha ile. Tena hakuandika kwamba mjane hawezi kuwa muuaji. Ameuliza aliupata wapi. Mume wangu huwa hamuulizi swali mtu ambaye ameshamfuta kwenye kisa.

Tangu Alhamisi nina jibu kichwani, au nusu ya jibu. Dereva alimpa. Kwamba mjane aliomba ufunguo na dereva akampa bila kuuliza, akijua au akishuku, kwa ajili ya mwanawe. Na Jumatatu akakaa kwenye ngazi kupiga rangi viatu. Ikiwa hivyo, viatu vile vina deni kama anavyosema yeye, na mkono uliotia sumu si wa dereva kama ninavyosema mimi. Lakini sijui kama kisa kinashikilia. Anayeweza kuniambia ni mmoja tu, na sijaandika hata neno moja la sura hiyo. Naogopa kuiandika peke yangu tena.

Naomba unishauri. Je, nimjibu kwa kadi, kama alivyoniandikia, nimwachie nafasi ya kuja mwenyewe? Au nimkalishe kwanza tuzungumze habari ya msichana yule na jibu langu la ukumbini, kabla ya kugusa habari ya ufunguo? Nahofia nikianza na kitabu ataona ninachojali ni wiki sita zilizobaki, na nikianza na msamaha ataona nimeidharau kadi yake. Na jina lile la kwenye jalada, je, ni haki nimwombe tulieleze wazi kwa wasomaji, kwamba kuna anayesuka na kuna anayeandika na wote wawili ni mwandishi, au huko ni kulifumua donda mbele za watu?

Kadi bado iko chini ya kibodi, pale pale alipoiweka. Jana usiku niliona taa ya chumba cha kazi inawaka, kisha ikazimwa. Nadhani alikuja kutazama kama nimeijibu.

Ni mimi msomaji wako.