Kioo cha kuchomelea walikivaa hata kwenye bomu la nyuklia

Mhariri naomba nafasi, hili jambo linanikera sana kama mzazi na mkazi wa Mtwara. Hela za korosho zikiingia tu kila mtu anataka geti na grili za madirisha, mafundi welding wanapiga kazi mpaka usiku pembeni ya barabara, ukipita unakuta kijana kavaa miwani ya jua ya mtumba, mwingine hana hata hiyo anageuza uso tu halafu anapiga moto. Ukimuuliza anakwambia nshazoea mzee, nafumba macho.

Sasa hilo la kufumba macho watu walishalipima, tena kwenye mwanga mkali kuliko wowote. Marekani walipolipua bomu la kwanza la nyuklia tarehe 16 Julai 1945 kule New Mexico, watazamaji walikuwa na vioo vyeusi vya kuchomelea, hivi hivi vya mafundi. Miaka ya 50 kwenye majaribio ya Nevada wakaanza kupima macho yenyewe na miwani za kukinga, wakaweka na sungura umbali tofauti tofauti, na mwaka 1953 kuna sungura waliungua ndani ya jicho wakiwa zaidi ya kilomita 60 kutoka kwenye mlipuko, yaani zaidi ya nusu ya njia ya hapa kwenda Lindi! Ni kwamba lenzi ya jicho inaukusanya mwanga wote inaupiga sehemu moja kwenye retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, na kope hazina mbio hizo, mpaka ufumbe mwanga ushaingia. Usiku ndo mbaya zaidi maana mboni imefunguka. Ndo maana baadae marubani wakatengenezewa miwani ya kauri inayojifanya nyeusi yenyewe kwa umeme, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Welding sio bomu, na inavyoumiza ni tofauti, ile miale ya ultravaioleti inaunguza zaidi sehemu ya nje ya jicho, mchana hausikii kitu ila saa sita usiku unaamka macho yanachoma, machozi yanatiririka, hata taa huwezi kuitazama, asubuhi unawekewa maziwa ya mama badala ya kupelekwa hospitali. Na miwani ya jua haisaidii, pembeni iko wazi na kioo chake ni chepesi mno kwa moto ule. Kinachotakiwa ni kioo namba 10 mpaka 12, yaani kiasi cha weusi wake, namba imeandikwa pale pale kwenye kioo.

Wanaoniuma zaidi ni watoto wakitoka shule wanasimama kushangaa cheche na hakuna anayewafukuza. Naomba halmashauri zetu za Mtwara na Lindi kabla ya kumpa fundi leseni wamkague ana ngao ya uso na turubai la kuzungushia sehemu anayochomelea, na sisi wateja tusitoe advansi ya geti mpaka tumemuona fundi kavaa kioo.

Msomaji wako,
Mtwara