Mmewaruka akina mama wa sokoni

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Ile makala yenu ya mapinduzi ya Ufaransa nimeisoma mara mbili nikiwa hapahapa dukani kwangu na kuna kitu kimenikera, yaani ukurasa mzima ni Bastille (lile gereza la Paris), Robespierre (yule kiongozi wa mapinduzi) na yule malkia na keki yake, basi.

Hiyo ya keki, eti malkia kaambiwa watu hawana mkate akajibu wale keki, naomba muache kuirudia jamani. Mwandishi Rousseau aliandika kisa kama hicho wakati Marie Antoinette, ndo huyo malkia, bado katoto huko Austria, hata Ufaransa hajakanyaga, na wala hakumtaja jina. Na isitoshe watu hawakuhitaji kutukanwa ndo wakasirike. Mvua ya mawe ya Julai 1788 ilishapiga ngano mashambani, ikaja baridi mito ikaganda vinu vya maji vikasimama, ikifika Februari 1789 mkate wa ratili 4 pale Paris ni sou (sarafu yao ya enzi hizo) 14 na nusu na kibarua anaingiza kama sou 20 mpaka 30 kwa siku, sasa toa mkate, bado kodi ya chumba, bado kuni, bado chumvi nayo ina kodi yake. Mi nauza mkate, ukipanda shilingi 200 tu naona mama anaushika anaugeuza geuza anaurudisha, anaomba andazi 2.

Sasa tarehe 5 Oktoba 1789 mmeipitaje? Bastille ilishaanguka tangu Julai lakini mkate bado shida, na mfalme yuko Versailles, kwenye kasri lake nje ya Paris, anavuta muda tu, hataki kukubali tamko la haki za binadamu wala maamuzi ya Agosti ya kufuta haki za makabaila. Akina mama wauza samaki na wenzao wa sokoni Paris wakavamia ofisi ya jiji wakabeba silaha na mizinga, wakaanza kutembea, kilomita kama 20 kwenye mvua, wanafika wametota na matope juu. Wachache wakaruhusiwa kuingia kwa mfalme, na inasimuliwa binti wa miaka 17 waliyemtanguliza aseme alizimia palepale. Usiku huohuo mfalme akakubali lile tamko. Alfajiri watu wakaingia ndani ya kasri, walinzi wakauawa (hilo nalo tusilifiche), malkia akakimbilia kwa mumewe kwa mlango wa siri, na mchana familia yote ikapakiwa kwenye gari la farasi kwenda Paris, nyuma magari ya unga, huku watu wanaimba wanamleta mwokaji, mke wa mwokaji na kijana wa mwokaji, yaani mfalme, malkia na mtoto wao. Versailles mfalme hakurudi tena kuishi mpaka wanamkata kichwa Januari 1793.

Na mwaka huohuo 1793, Oktoba, hao hao wanamapinduzi wakapiga marufuku vyama vya siasa vya wanawake, siku chache mbele wakamkata kichwa kwa gilotini Olympe de Gouges, mwanamke aliyeandika tamko la haki za wanawake. Kura wanawake wa Ufaransa wakaja kupewa 1944. Hapo mngeweza kuandika makala nyingine kabisa, mi ningeisoma.

Halafu dogo tu, Bastille siku ile ilikuwa na wafungwa 7, sio "mamia" kama mlivyoandika, naomba mrekebishe toleo lijalo.

Msomaji wenu, muuza duka, Morogoro