Wakikuuliza "hapo ni wapi?"

Swahibu yangu,

Salamu nyingi, na uwasalimie wote hapo nyumbani. Huku sisi wazima, na mama watoto anakuulizia. Barua yako imenifikia, na tangu mstari wa pili nikajua umevurugwa. Hata salamu hukuzimaliza, ukaingia moja kwa moja kwenye lawama. Umeweka picha ya samaki mtandaoni, watu wakakuuliza "hapo ni wapi, mkuu?", ukanyamaza, na mara wewe ndiye mchoyo, mwenye roho mbaya, eti mto si wa baba yako. Neno mchoyo linachoma, hasa likimpata mtu ambaye chambo chake hugawana na yeyote aliyekaa karibu naye.

Umeniomba nikupe ukweli bila kuupaka asali: utaje mahali au usitaje? Usitaje. Ila jibu lingekuwa hilo tu ningekupigia simu yakaisha. Ninaandika kwa sababu hoja zako karibu zote sizikubali, na zile zinazonifanya niwe upande wako hukuzigusa.

Hebu tuanze na hiyo unayoirudiarudia: "Nimepahangaikia mwenyewe, nao wahangaike." Ndugu yangu, wewe ulihangaika lini peke yako? Baba yako alikushika mkono akakupeleka ukingoni ukiwa huwezi hata kufunga ndoana. Kuna watu hawakuwa na baba mvuvi wala mjomba mwenye mtumbwi. Wengi wao ni wasichana ambao hakuna aliyewahi kuwaalika. Kwao intaneti ndiyo mjomba. Ukimwambia mtu wa namna hiyo ahangaike, unamwambia asivue. Na maji yasiyojulikana na mtu hayana wa kuyatetea. Mtu akimwaga uchafu usiku, anayeona asubuhi kwamba maji yamegeuka rangi na dagaa wanaelea ni yule aliyekuja na mshipi wake. Kwa hiyo usirudi tena kwangu na hoja ya jasho.

Hoja yenyewe ni samaki, na idadi ya masikio.

Siri ya mahali pa kuvulia zamani ilisafiri kwa mdomo. Aliyeambiwa alijua nani kamwambia, na aliyemwambia alijua nyumba yake. Akienda na wavu usiku, akaacha nyuzi zimetapakaa ufukweni, aibu ingemfuata hadi sokoni. Elinor Ostrom, yule Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba mali ya wote haiangamii lazima. Watu wanaojuana huweza kuitunza kwa kanuni zao wenyewe, mradi wajue nani yumo na nani hayumo, na waweze kuangaliana. Wavuvi wa kambakoche huko Maine, Marekani, wamegawana bahari kwa namna hiyo kwa vizazi, na mgeni akitega kwenye eneo lisilo lake anaweza kukuta kamba za mitego yake zimekatwa. Si ustaarabu mkubwa, nakubali, lakini inafanya kazi. Sasa wewe ukiandika jina la mahali kwenye ukurasa wako, nani yumo? Unaongea na umati usio na sura. Hata wakija wachache tu kati yao, hutajua ni akina nani, nao hawatakuwa na sababu ya kukuonea haya.

Hapo ndipo ukubwa wa maji unapoingia, na ndiyo maana sitaki uwe na kanuni moja ya kila mahali. Ziwa kubwa lenye gati la umma, ufukwe ambao kila mtu anaujua, bwawa linalopandikizwa samaki kila msimu ili watu waje wavue: taja, piga picha na kibao cha jina la mahali nyuma yako ukitaka. Huwaambii watu kitu wasichokijua. Lakini pale kwako si hivyo. Ni kijito. Samaki wakubwa wanakaa kwenye vina vitatu vinne penye kivuli na mkondo wa taratibu, na ukishamtoa mmoja, nafasi yake haijazwi na mwenye ukubwa ule kwa miaka. Tena hao wakubwa ndio wanaobeba kizazi. Kwa samaki wengi jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko uzito wake unavyodai: majike wawili wa kilo moja moja hawamfikii mmoja wa kilo mbili. Na picha zinazovutia watu ni za nani? Ni za hao hao.

Nikueleze kisa cha chewa wa Nassau, maana kinaniuma kila nikikikumbuka. Huyu ni chewa wa Karibi ambaye mwaka mzima hukaa peke yake, kila mmoja na mwamba wake. Lakini miezi ya baridi, mwezi ukishapevuka, husafiri na kukusanyika mahali pamoja kutaga. Kila mwaka ni palepale. Mwaka 2001 wavuvi wa Visiwa vya Cayman walipata kusanyiko kama hilo upande wa magharibi wa Little Cayman, chewa wapatao 7,000. Katika misimu miwili wakavuliwa karibu 4,000. Mwaka 2003 serikali ikafunga uvuvi kwenye mazalia hayo, na imepita zaidi ya miaka kumi ndipo idadi ikaanza kufanana na ile ya awali. Sasa fikiria: mwaka 2001 hapakuwa na mitandao hii tunayoijua leo. Habari ilienea kwa mdomo tu, kisiwani, na misimu miwili ikatosha. Leo ingetosha wikiendi moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiuliza kabla hujataja mahali ni hili: samaki hawa wamekuja hapa kufanya nini? Kama wamekusanyika kutaga, au wamejibana kwenye kina kimoja kwa sababu ya kiangazi, usitaje, usidokeze, na mimi ningesema hata usivue. Penye mkusanyiko mtu hudanganyika. Anapata samaki kila akirusha, anadhani wapo tele, kumbe wote waliobaki ndio hao walio mbele yake. Wataalamu wa Kanada walipotoshwa hivyo na samaki aitwaye cod wa Newfoundland, mashariki mwa nchi hiyo: meli za biashara ziliendelea kupata mavuno mazuri kwa sababu samaki waliobaki walijikusanya, na meli zikajua kuwafuata. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi huo, na watu kama 30,000 wakakosa kazi. Sisi wenye mishipi hatuna meli, najua. Lakini tuna simu, na tukiwa wengi kwenye kijito chembamba hatuhitaji meli.

Najua utaniambia wewe huwarudisha majini. Vizuri, na uendelee. Ila usitegemee kwamba kila atakayefuata picha yako atarudisha, wala kwamba kila anayerudishwa anaishi. Samaki aliyemeza ndoana hadi tumboni, aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu, au aliyeshikwa kwa mikono mikavu akisubiri picha ya tatu huku maji yana joto, anaweza kuogelea mbele ya macho yako akafe kesho. Samaki mmoja akipitia mikono yako mara moja kwa msimu, huenda asidhurike. Akipitia mikono ya watu ishirini, hilo ni jambo jingine.

Kuna na miguu yetu. Watu hawaji mikono mitupu, wanakuja na viatu, nyavu na mitumbwi iliyotoka majini kwingine. Kule New Zealand mwaka 2004 uligunduliwa mwani uitwao didymo, haukuwahi kuonekana huko kabla, ukaenea kwenye mito ya Kisiwa cha Kusini na kufunika mawe kama blanketi chafu. Tone moja la maji linatosha kuuhamisha. Mwaka 2008 wakapiga marufuku viatu vya kuvulia vyenye soli za manyoya yaliyogandamizwa, kwa sababu hazikauki upesi na mwani hujificha humo. Kila mgeni unayemwita mtoni kwako ana soli, na hujui jana alisimama wapi.

Sasa nikukosoe kidogo. Unadhani hukutaja mahali, lakini umetaja. Nimeitazama ile picha. Nyuma ya bega lako linaonekana daraja la reli, na juu yake kile kilima chenye mnara. Yeyote aliyewahi kupita pale anapajua, na ambaye hajapita ana ramani za setilaiti na usiku mrefu. Kuna watu hiyo ndiyo burudani yao, kupekua picha za wenzao hadi wapate ukingo. Siku nyingine inama, mpige samaki picha ya karibu, nyuma yake yawe maji au majani tu. Zima ile huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha yenyewe hubeba ndani yake alama za GPS za pale uliposimama. Mitandao mingi mikubwa huziondoa unapoposti, lakini ukimtumia mtu picha kama faili, au kwa barua pepe, zinakwenda nayo zima zima. Na usiposti ukiwa bado ukingoni. Subiri siku kadhaa, samaki hataoza kwenye simu.

Wanasayansi wenyewe wamejifunza kuwa waangalifu. Kuna mjusi wa mapangoni wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1999. Wafanyabiashara wa wanyama walitumia taarifa hizo hizo kumfuata, na pale alipogunduliwa akamalizwa. Tangu hapo watafiti wengi huficha mahali halisi pa viumbe adimu, au hutaja eneo pana tu. Nawe fanya hivyo. Kusema "mto wa milimani, maji baridi, mvua ilikuwa imepita siku mbili" ni kweli tupu, na hakuna anayeweza kukuita mwongo.

Na hiyo ndiyo njia ya kuwajibu wanaokuita mchoyo. Wape kila kitu isipokuwa ramani. Waambie chambo gani, kina gani, saa ngapi, kwa nini ulirusha juu ya mkondo ukaacha chambo kishuke chenyewe badala ya kumtupia samaki kichwani. Waeleze jinsi ya kusoma maji: pale povu linapokusanyika, pale maji ya kasi yanapogusana na yaliyotulia, pale ukingo ulipoliwa na mizizi ikaning'inia. Mtu akijua hayo atapata mahali pake kwenye mto wowote, na mzigo utagawanyika mito mingi badala ya kukulemea wewe na vina vyako vitatu. Asiyetaka kujifunza hayo, anayetaka jina la mahali tu, huyo hakuwa anataka kuvua. Anataka picha kama yako.

Picha zako pia nazo tuziseme. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijui kama umejichunguza. Mwanzoni ulikuwa unaposti samaki unapompata. Siku hizi, kwa ninavyosoma barua zako, unakwenda kumtafuta ili upate cha kuposti. Tofauti ni ndogo lakini ndiyo inayomfanya mtu aanze kutoa mahali kidogo kidogo: leo jina la wilaya, kesho jina la mto, keshokutwa video nzima ya njia ya kuteremkia.

Mambo mawili ya mwisho nisiyasahau. Ile sehemu ya juu, kwenye maporomoko, si ya kwako kuitoa kwa yeyote, kwa sababu wewe mwenyewe ulionyeshwa na yule mzee. Hata ukitaka kumpeleka mtu, mwombe yeye kwanza. Na maafisa wa uvuvi wakikuuliza, waambie yote, mahali, siku, idadi na urefu, bila kupunguza. Siri ya wavuvi imewafanya wanaopanga sheria wafanye kazi gizani mara nyingi mno. Sheria mbaya inayotokana na takwimu za uongo itakuangukia wewe kabla ya mtu mwingine.

Kuhusu yule binti aliyekuandikia faraghani, aliyesema amejaribu mwaka mzima na hajapata hata mmoja: usimtumie alama ya ramani. Mjibu kwa adabu, umwambie Jumamosi unakwenda kuvua, aje na mtu wake akitaka, na umpeleke bwawani kwanza, si mtoni. Ukiona anaokota takataka asizozitupa yeye, mwezi ujao mwonyeshe kile kina cha chini, karibu na mti ulioanguka. Hicho kinaweza kustahimili mtu mmoja zaidi. Cha juu hapana.

Niandikie umeamua nini juu ya ile picha yenye daraja. Ningekuwa wewe ningeifuta leo.

Wako katika mshipi na ndoana,
Swahibu yako