Anayeanza bonsai aanze na msitu

Mhariri,

Anayetaka kujifunza bonsai, yaani sanaa ya kulea mti uliodumazwa ndani ya chombo, huambiwa atafute mti mmoja wenye shina nene na matawi pande zote. Mti wa namna hiyo ni ghali, na ukimfia mikononi hukata tamaa. Sisi tunaolea miti hii hapa Dar es Salaam tunashauri aanze na msitu, yaani miti kadhaa ya aina moja ndani ya chombo kimoja kipana, mtindo ambao Wajapani huuita yose-ue. Mche mwembamba wenye matawi upande mmoja haupendezi ukiwa peke yake. Ukiupanda pembezoni mwa msitu, ule upande mtupu unaelekea ndani na hakuna anayeuona. Vitaluni miche hiyo huwekwa kando kwa sababu wanunuzi wanaikataa. Iulizieni.

Kwa pwani mvinje unafaa sana. Vijani vyake ni vyembamba mno, hivyo hata wenye urefu wa sentimita 40 huonekana mti mzima. Chukua saba, au tano kama chombo ni kidogo. Idadi shufwa kwa miti michache huelekea kujigawa mafungu mawili yanayolingana. Na hapo kitaluni ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika: watu huchagua miche inayofanana. Tafuta mmoja wenye shina la sentimita 2 hivi, wa pili mwembamba na mfupi kidogo kuliko huo, kisha ushuke hadi wenye unene wa penseli. Msitu wa miche inayolingana huonekana kama uzio, na hakuna mpangilio utakaouokoa. Usichanganye aina pia. Mvinje na waridi la jangwani katika chombo kimoja ni kuuozesha mmoja au kuukausha mwingine.

Si lazima kupata yote kwa mara moja. Goshin, msitu mashuhuri wa John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Japani, ulianza mwaka 1948 kwa miti miwili, ukaongezwa hadi 11, na leo uko Washington.

Kabla ya kugusa mzizi, panga miche ikiwa bado na udongo wake. Tuseme chombo kina urefu wa sentimita 60, upana wa 35 na kina cha 5. Mti mkuu usimame theluthi moja kutoka ncha ya kushoto au ya kulia, mbele kidogo ya mstari wa kati. Wa pili uwe karibu nao, wa tatu mbali zaidi. Ile midogo ipeleke nyuma na pembeni. Ikiwa nyuma, jicho hudhani iko mbali, na msitu unapata kina. Tazama kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni: mashina matatu yasikae kwenye mstari mmoja, na shina lisifiche jingine. Nafasi kati yao zitofautiane, na upande mmoja ubaki wazi. Miti ya pembezoni iiname kidogo kuelekea nje, maana ndiko mwanga uliko.

Mizizi ndiyo huua msitu. Kata ile iendayo chini mpaka fungu libaki na unene wa sentimita 3 au 4, ukiacha midogo ya pembeni, na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Mvinje una vinundu mizizini vyenye vijidudu vinavyoupatia naitrojeni, kwa hiyo usiioshe mizizi ikabaki mitupu. Bakiza udongo wa zamani kiasi. Weka wavu wa plastiki juu ya matundu ya chombo, pitisha waya humo, na ufunge kila fungu la mizizi mpaka shina lisitikisike. Wengi huruka hatua hii. Upepo ukiuyumbisha mti, vincha vyeupe vya mizizi mipya hukatika kila siku, na mti hukauka huku udongo ukiwa na maji.

Udongo uwe wa chembe: sehemu mbili za tofali la kuchoma lililopondwa, moja ya mchanga mkavu wa mtoni, moja ya mboji, vyote vimechekechwa vumbi litoke, chembe zibaki milimita 3 hadi 6. Chombo kifupi hushika maji kwa uwiano mkubwa kuliko chungu kirefu, ndiyo maana udongo wa bustani huozesha mizizi humo. Shindilia taratibu kwa kijiti usiache mashimo ya hewa, kisha mwagilia mpaka maji yatoke chini yakiwa safi.

Mwanzo wa masika ni wakati mzuri wa kupanda, ila mvua kubwa huchimba udongo. Funika juu kwa ule ukijani laini unaoota kwenye kuta zenye unyevu, na uweke chombo kivulini wiki mbili au tatu, kisha jua la asubuhi. Mbolea isubiri wiki sita. Baadaye punguza matawi ya nje mara kwa mara. Yakisongamana, miti ya kati hukosa mwanga na ndiyo hufa kwanza. Baada ya miaka miwili hivi mizizi itakuwa imeshikana bamba moja. Linyanyue zima, punguza kingo na chini, ulirudishe bila kuitenganisha miti.

Walezi wa bonsai,
Dar es Salaam